Kipimo cha Salamu katika Dirisha la Tatu

Tarehe thelathini mwezi huu, Mama Salamu atarudisha ufunguo wa chumba cha seva na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika hospitali yetu. Aliingia akiwa karani wa masijala, akibeba mafaili ya wagonjwa kwa mikono miwili na kidevu. Anaondoka akiwa mkuu wa waundaji programu, na kidevu chake kimepumzika.

Jina hilo la Mama Salamu halimo kwenye cheti chake, wala halikutokana na ucheshi wake, ingawa anao wa kutosha. Lilitokana na kosa.

Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, akiwa amekwishajifunza kuunda programu, alipewa jukumu la kuchagua njia ambayo programu ya mapokezi ingetumia kuchota taarifa za wagonjwa kutoka kwenye hifadhidata. Zana zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na washabiki wake. Alichagua iliyowarahisishia kazi waundaji programu: unaandika mistari miwili, yenyewe inaleta kila kitu. Aliijaribu kwa wagonjwa kumi wa kubuni, wote akiwapa majina ya mashemeji zake, ikaenda kama umeme.

Siku ya uzinduzi wagonjwa hawakuwa kumi, walikuwa elfu tisini. Zana ile, hata ikiombwa jina tu, ilibeba na historia nzima ya mgonjwa. Karani wa dirisha la tatu la mapokezi alimsalimia mzee mmoja, akamuuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya wajukuu, mpaka ya majirani, na faili bado halijafunguka. Foleni ikafika getini. Mkuu wa kitengo alipoanza kutafuta wa kumlaumu, Mama Salamu alisimama mbele ya wote akasema, “Nilichagua kinachonifurahisha mimi. Sikuwahi kukaa dirishani.”

Kesho yake alihamishia kiti chake dirisha la tatu, akakaa pembeni ya karani wiki nzima. Ndipo lilipozaliwa jina lake, pamoja na kipimo ambacho kila mgeni wa kitengo hiki hufundishwa kabla hajapewa hata kompyuta: teknolojia yoyote ya kufikia data ijaribiwe dirishani, kwa data kamili, na faili lifunguke kabla karani na mgonjwa hawajamaliza kusalimiana. Wauzaji waliokuja na suti na maelezo marefu walionyeshwa kiti hicho. Wengine hawakurudi. Mama Salamu mwenyewe aliandika upya kila kitu kwa maagizo mafupi ya kompyuta, kila moja likichota kinachohitajika tu, na kazi hiyo imetuhudumia miaka kumi na minane.

Sasa niseme langu. Mwaka huu mimi ndiye niliyependekeza tuiache. Matawi ya hospitali yamekuwa matatu, na kila tukibadilisha kitu kimoja tunarekebisha maagizo mia nne kwa mkono. Nilikuwa na zana mpya, na nilikuwa na hofu. Nani anataka kuona kazi yake ya maisha ikifutwa miezi miwili kabla ya kustaafu? Nilijiandaa kwa vita. Yeye akaenda kuchukua kiti.

Tulikaa dirishani siku tatu. Kwenye mafaili ya wagonjwa, zana mpya ilifungua faili karani akiwa bado kwenye “hujambo”. Kwenye ripoti za mwezi, maagizo yake ya zamani yaliishinda vibaya. Siku ya tatu alifunga daftari lake la vipimo, nikaona wazi kwamba inamuuma. Kisha akaniambia, “Ripoti ziacheni kwa maagizo yangu. Mafaili wekeni hii yako. Nilikuwa naogopa nitaondoka bila kuona mtu mwingine akikikalia hiki kiti.”

Mama Salamu, kiti kimebaki dirisha la tatu, na nimekwishaanza kukikalia. Asante kwa kutufundisha kusimama na kusema tumekosea, somo ambalo bado linatushinda baadhi yetu. Mumeo ametuomba tusikuazime kompyuta. Tumekubali kwa shingo upande. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana, na wajukuu wenye maswali mengi. Usije dirishani kwa ugonjwa. Ila ukija, faili lako litakuwa limefunguka zamani, na sisi tutaendelea kukusalimia.