Kiatu Kimoja Juu ya Benchi

Jisogeze ukae, benchi halina mwenyewe. Hapa kona, ukutani kwa fundi baiskeli, ndipo ninapouza kahawa yangu, na ndipo wanaposhinda wale waliopunguzwa kiwanda cha viatu. Kiwanda kile kilikuwa na mabanda mawili, banda la kushoto na banda la kulia. Tajiri alipanga hivyo makusudi, kwa sababu ya wizi. Mtu akiondoka na viatu vya mguu wa kushoto vitupu, atavaa na nini? Basi aliyeingia banda la kushoto alizeekea kushoto. Kalibu za kulia, ile miguu ya mbao wanayoivisha ngozi, hakuzigusa maisha. Siku moja ikaletwa mashine inayotoa miguu yote miwili kwa mkupuo, majina yakasomwa getini, watu wakarudi nyumbani na kalibu zao kuukuu kwapani, ndiyo asante ya kiwanda. Wa kushoto wakaja kukaa kwangu. Wa kulia wakashika benchi la ng'ambo ya barabara, barazani kwa kinyozi. Na kati ya benchi na benchi hapapiti hata salamu.

Kwa nini? Niulize mimi. Shule sikwenda, lakini ugomvi wa ukoo wetu ninao wote kichwani, nani alimnunia nani kwenye harusi ya nani, na huu wa wajukuu zangu wawili ndio mbichi kuliko wote. Kabla majina hayajasomwa, meneja aliuliza kikaoni ni banda gani linaharibu ngozi. Nyundo, yule mdogo, wa banda la kulia, akanyoosha mkono: "La kushoto." Na mkata ngozi wa kushoto nani? Kaka yake, Mkasi! Kaka mtu akasimama mbele za watu akasema hata kazi yenyewe mimi ndiye niliyekuombea, ningejua ningekuacha ulale. Wote wawili wakasomwa. Sasa wanalala nyumba moja, nyumba yangu, wanakula sufuria moja, na kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Bibi mwambie azime taa. Bibi mwambie aache kunivalia kandambili. Nimekuwa simu mimi.

Basi asubuhi ile Mkasi akaja na kitu kakifunga kwenye kitambaa, kakibeba kama mtoto mchanga. Akakiweka katikati ya benchi.

— Funua! Funua bwana, unatutesa!

Huyo ni Kisigino. Kazi yake ilikuwa kupiga visigino, na mwili wake mpaka leo hautulii, hata akikaa goti linapiga.

Mkasi akafunua. Kiatu cheusi cha kamba, kinang'aa mpaka unaona meno yako. Wiki nzima yeye na wenzake watatu walikuwa wamejifungia kwenye stoo yangu ya nyuma, nasikia tu nyundo na kubishana, kumbe ndicho hicho.

— Mungu wangu wee! Mama Sindano akashika kifua. Huo uzi! Oneni uzi wangu ulivyonyooka!

— Uzi wako umeshika ngozi aliyoikata nani? Mkasi akamuuliza.

— Na vyote hivyo vimesimama juu ya nini? Kisigino akadakia. Ng'oa kisigino changu hapo, uone kama kiatu hakitalala chali.

Nami nikakitazama. Kizuri, sikatai. Lakini kimoja. Nikatazama kile kitambaa, labda mwenzake yumo. Hayumo. Nikachungulia mfuko wa Mkasi, hamna kitu. Watu wanne wamekesha na kiatu, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba kimepungua. Wangeonaje? Kwao kiatu kimoja cha kushoto ndiyo kazi imekwisha, maisha yao yote ndivyo ilivyokuwa, unaweka kwenye kreti unachukua kingine. Nikafungua mdomo niseme. Nikaufunga. Najua nitakachojibiwa na Mkasi: bibi, umetumwa na yule.

— Ndugu wajumbe! Spika akasimama.

Spika alikuwa msemaji wa wafanyakazi banda la kushoto. Hata sukari anaomba kama yuko mkutanoni.

— Kaa bwana, utamwaga kahawa.

— Ndugu wajumbe, leo ndiyo leo. Mimi kule kwenye ulinzi wananitaka jibu kabla jua halijazama, nikakae getini nifungulie magari. Mama Sindano hapa dada yake anamwita akauze naye duka, huko mbali, na akienda harudi. Kisigino...

— Mimi sijaitwa popote.

— Kisigino hajaitwa popote. Kwa hiyo huyo mgeni wa Mama Sindano akija akikikataa kiatu, tunatawanyika. Akikipenda, tuna kazi.

— Hawezi kukikataa, Mama Sindano akasema. Ni muuguzi. Anasimama kutwa nzima, miguu inamwaka moto. Akipenda yeye, wodi nzima imependa. Ameniambia kwa mdomo wake, tukimpendeza atatuletea wenzake wote.

— Wodi? Kisigino akaruka. Wodi ndogo hiyo! Ukimvisha muuguzi, daktari ataona. Daktari akiona, mgonjwa ataona. Mgonjwa kalala kitandani, kazi yake kutazama viatu vya watu. Akipona tu, anakuja kwetu!

— Na asipopona?

— Ndugu zake wanakuja kumtazama kila siku, nao wana miguu!

Wakacheka mpaka fundi baiskeli akatoa kichwa.

— Tuwe na maono, Spika akasema. Baada ya hospitali, polisi. Baada ya polisi, jeshi.

— Jeshi lina miguu mingi, Mkasi akakubali. Alikuwa anajitahidi asicheke, lakini sura ilishamsaliti. Tangu asomwe jina sikuwa nimemwona hivyo.

— Jeshi likishavaa kwetu, Kisigino hakungoja, jeshi la jirani litaona wivu. Nao wanakuja! Tunawavisha wote wawili. Siku wakitaka kupigana tunawaambia, jamani, mtaharibu viatu.

— Umeleta amani sasa?

— Kwa kisigino! Tena nina wazo jingine. Niweke springi ndani ya kisigino. Mtu akikanyaga kinamrusha, akikanyaga kinamrusha, anafika kazini kabla ya basi.

— Akifika anasimamaje?

— Hilo bado nalifikiria.

— Mimi nataka jina letu kwenye ulimi wa kiatu, Mama Sindano akasema, nilidarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu.

— Jina gani?

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Spika anataka "Umoja wa Wanaviatu Waliopunguzwa". Mama Sindano akamwambia ulimi wa kiatu si bango la maandamano, hilo jina litafika mpaka magotini. Kisigino anataka "Springi". Mkasi anataka jina langu mimi, nikamwambia koma, sitaki kukanyagwa. Mwenyekiti nani, mweka hazina nani, nani atakaa meza ya mbele, na meza yenyewe hawana. Kahawa inakwenda tu, birika linanipungukia, hakuna anayelipa maana wote ni wakurugenzi.

Ng'ambo kule wa kulia wametulia kimya wanatutazama. Nyundo katikati yao, mikono kifuani. Kila mara wa kwetu wakicheka, yeye anageuza uso kwa kinyozi kama ananyolewa.

Mara nikamwona mama mmoja wa makamo anavuka, gauni jeupe, anachechemea kidogo.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba mwanangu. Karibu ukae.

— Ndiye huyo, Mama Sindano akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Dada, karibu! Pisheni, pisheni mgeni akae!

Wakampisha wote, benchi zima. Akakaa peke yake na kiatu.

— Ndicho hiki? Hee. Kizuri jamani. Naweza kujaribu?

— Bila kuomba! Spika akapiga goti chini mwenyewe, kabla Mkasi hajafika.

Yule mama akavua chake cha kushoto, kimechakaa upande. Akaingiza mguu. Mkasi akafunga kamba, akafungua, akafunga tena, namjua mjukuu wangu. Yule mama akasimama. Akafumba macho. Akahamishia uzito wote kule kushoto, akatulia hivyo kama mtu anayesikiliza kitu.

— Ah, akasema. Ah, jamani. Mguu umelala.

Lo! Kisigino alirusha kofia, ikatua juu ya bati. Mama Sindano akapiga vigelegele, Spika akawa anampa kila mtu mkono, mpaka fundi baiskeli, mpaka mpita njia mmoja asiyejua lolote. Mkasi alijipangusa jicho kwa kile kitambaa.

Yule mama akakaa, akavua na kile chake cha kulia, akanyoosha mguu.

— Haya, nipeni na mwenzake.

Wakamtazama.

— Cha kulia, akasema. Nitembee kidogo.

Kisigino akainama akaangalia chini ya benchi. Nakwambia kweli, aliinama akaangalia. Mama Sindano alikuwa bado na mdomo wa kigelegele, akaufunga taratibu.

— Hilo, Spika akakohoa, hilo limo kwenye ajenda.

— Hiki ni cha kuonyeshea tu dada, Mama Sindano akajaribu.

— Sawa, nimekiona, nimekipenda. Wenzangu pia watapenda. Ila nauliza tu, cha kulia anashona nani?

Goti la Kisigino lenyewe liliacha kupiga.

— Si tunageuza tu? Spika akamwuliza Mkasi kwa sauti ndogo. Kalibu. Tunaigeuza.

— Kalibu haigeuki. Ni mguu, si soksi.

— Tuchonge nyingine.

— Nani amewahi kuchonga hapa? Wewe?

Spika akatazama viganja vyake. Lakini macho, ah, macho yalikuwa yameshavuka barabara zamani. Kalibu za kulia ziko kule, mikono ya kulia iko kule, barazani kwa kinyozi. Yule mama akawa anawatazama mmoja mmoja, mguu wake mmoja peku hewani. Nikainamisha birika nimpe japo kikombe, likatoa tone na masimbi.

— Bibi, Mkasi akaniita.

— Naam.

— Nenda kamwambie yule...

— Yule nani? Ana jina.

— Bibi, tafadhali.

— Magoti yananiuma.

— Nikuangalie, bibi? yule muuguzi akauliza.

— Yanauma kwa kuvuka barabara tu, mwanangu. Mengine yote naweza.

Mkasi akaniangalia. Nikamwangalia. Mama Sindano akasema polepole: mimi nikipanda basi la dada leo, ndiyo basi tena. Spika hakusema lolote, na Spika kunyamaza ni jambo zito.

Basi mjukuu wangu akapiga goti, akafungua kamba, akavua kile kiatu mguuni mwa mgeni, akashika njia. Katikati ya barabara pikipiki ikampigia honi, hakusikia. Akasimama mbele ya mdogo wake. Akamnyooshea kiatu. Alichosema sikukisikia, malori yalikuwa yanapita, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kile nikakubali kitu kisemwe katika ukoo huu mimi nisijue.

Nyundo hakupokea haraka. Kisha akapokea. Akakikunja, akakinusa gundi, akaingiza mkono ndani mpaka vidoleni. Akatikisa kichwa. Akasema kitu. Mkasi akarusha mikono. Nyundo naye akarusha mikono. Sauti zikapanda, kinyozi akazima mashine yake.

— Wameanza, Kisigino akasema. Kwisha habari yetu.

— Subiri, nikamwambia.

Nyundo akainuka, huyoo, anavuka barabara bado anafoka, kaka yake nyuma yake anafoka, na nyuma yao wa kulia wote. Akaja moja kwa moja, hakunisalimu hata mimi, akachuchumaa mbele ya yule mama akaushika mguu wake wa kulia.

— Umeona? akamfokea Mkasi. Huu umepanuka kuliko ule. Mtu anayesimama kutwa anaegemea mguu mmoja! Ungekata kama ulivyokata kile, ungembana!

— Ndiyo maana nimekuita!

— Ungeniita wiki iliyopita!

— Ungekuja?

Nyundo akaugeuza ule mguu kiganjani.

— Nipeni uzi nipime, akasema. Na hiyo ngozi imebaki? Ile ile, siyo takataka.

— Ngozi yangu haijawahi kuwa takataka!

— Kule kikaoni niliogopa, Nyundo akasema, bila kuinua uso, anazungusha uzi kwenye kidole gumba cha mgeni. Niliogopa tu.

Mkasi akasimama pale. Halafu akachuchumaa naye, akamshikia ncha ya pili ya uzi.

— Sasa mtanipa lini? yule mama akauliza.

— Ijumaa, akasema Mkasi.

— Jumatatu! akasema Nyundo. Ijumaa gundi itakuwa haijakauka.

— Gundi gani ya siku zote hizo?

— Gundi ya watu wanaojua kazi!

Spika akawa ameshapanda juu ya benchi anaomba utulivu, Mama Sindano anawapangia wanawake wa kulia nani atashona wapi, na Kisigino kamshika mwenzake mpiga visigino wa kulia anamweleza habari za springi. Yule mama akaniinamia sikioni.

— Bibi, nishike la nani?

— Njoo Ijumaa, mwanangu. Ukikuta wanagombana, kaa, ujue kazi inakwenda.