Taratibu na Paleti ya Ghorofa ya Nne

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini, haya yanasomwa na mjane wake. Ripoti ya kampuni inasema alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Aliniomba asizikwe na neno hilo, na hatazikwa nalo.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao. Alisoma hadi darasa la saba. Kila hesabu aliipiga mara mbili, akawa wa mwisho kukusanya daftari, na alichapwa kwa hilo.

Mwaka 2001 alipata leseni ya forklifti yenye mkono unaorefuka. Forklifti ya kawaida hunyanyua mzigo wima tu. Hii husukuma mkono mbele na juu, hupita juu ya mtaro na kuweka matofali mahali ambapo winchi haina pa kusimama. Shambani alipanga nayo marobota ya nyasi, saiti alishusha mabati, na tope halikumzuia. Ila mkono ukirefuka, uwezo unapungua: ukikunjwa unabeba tani nne, ukinyooshwa wote haubebi zaidi ya nusu tani. Jedwali la uzito lilibandikwa mbele ya kiti. Alilijua kwa kichwa, na bado alilisoma kila mara.

Tulioana tarehe 20 Agosti 2005. Alipokuja kuposa, kaka yangu alimuuliza kazi yake ni ipi hasa. Akanipa ndoo ya maji niishike kifuani, kisha ninyooshe mkono. Maji yote yakamwagikia viatu vyake vipya. Akacheka, akasema, "Ndiyo kazi yenyewe hiyo." Nilimpenda siku ile.

Tarehe 14 Aprili 2023 hakutaka kwenda kazini. Msimamizi alitaka paleti ya matofali, tani moja nzima, ifike ghorofa ya nne kutoka ng'ambo ya mtaro, hana subira ya kungoja mtaro ufukiwe. Msimamizi huyo ni kaka yangu. Nilimwambia mume wangu, "Nenda bwana, usiniaibishe kwa kaka kwa woga wako." Nilimwambia hivyo akiwa anafunga viatu.

Kule saiti king'ora cha uzito kililia, akasimamisha mashine. Kaka akapaza sauti, "Zima hiyo kelele, refusha! Au nimwite dada aje akuendeshee?" Mume wangu akageuza ufunguo wa kuzima king'ora, kikanyamaza, akarefusha. Magurudumu ya nyuma yakanyanyuka na mashine ikalala mtaroni. Mafundi sita walisikia maneno yale. Kampuni ilipowauliza, wote wakawa viziwi. Mko hapa, nawaona.

Uti wa mgongo ulivunjika. Alilazwa wiki saba, vidonda vya mgongo vikaoza, kisha figo zikagoma. Kaka alikuja mara moja tu, na kalamu, amsainishe kwamba alirefusha kwa hiari yake. Alikataa. Mimi nilimwomba msamaha. Alinitazama sana, akasema, "Nitalifikiria, mke wangu." Alifariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, bila kunijibu. Zaidi ya neno lile la uzembe, aliagiza kimoja tu: shemeji yake asiguse jeneza.

Ameacha mama mzazi, mabinti wawili, dada mmoja, mimi, na shemeji huyo, ambaye kamati ya mazishi imempanga kuwa mbebaji wa kwanza wa jeneza.

Mume wangu, pumzika, hakuna tena wa kukuharakisha. Kaka, usinyanyuke hapo ulipokaa.