Mbugua wa Wangeci na Daftari la Leseni

Leo, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, hapa Kabazi, Subukia, tunamrudisha udongoni Mbugua Kamande, mjukuu wangu mimi Wangeci. Wageni kutoka chuo kikuu alichofanyia kazi wamekalishwa mbele, chini ya hema la kukodi. Dkt. Kinyanjui, mkuu wa idara ya upimaji wa ardhi, amepewa kiti chenye mguu mbovu. Kiti hicho nimekichagua mwenyewe. Anaombwa asijiegemeze mpaka wasifu huu uishe, na asiondoke, kwa sababu ana kazi mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, akiwa kifungua mimba wa Kamande na marehemu Nyakio. Siku hiyo ilinyesha mvua ya mawe hapa bondeni, ikavunja pembe za mbuzi wangu wawili, na wa tatu akawa kiziwi mpaka tulipomla. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu yake mzaa baba, kwa hivyo huyu alikuwa mzee wangu amerudi, safari hii akiwa halewi. Nilimwita mume wangu tangu siku hiyo, na aliitika mpaka wiki iliyopita, yeye akiniita Cucu, yaani nyanya.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kabazi kuanzia 1986 hadi 1993, akaendelea na sekondari Subukia, akamaliza Novemba 1997. Mimi sikusoma. Siku moja niliyopelekwa shule, mwalimu alinitazama akaugua, na shule ikafungwa mwezi mzima. Kwa hivyo sitasifu vyeti vyake, maana sijui vinasema nini. Nitasema nilichokiona, na tarehe nimekaririshwa na mjane wake.

Mwaka wa 1998, akingoja kwenda kusomea diploma, ushirika ulimpa kazi ya kuandika ng'ombe kwenye josho, pale wanapoogeshwa dawa ya kupe. Kila mwanachama alikuwa na idadi yake kwenye listi. Mimi nilikuwa nimeandikwa nne. Jumanne moja nikafika na tano, ya tano ikiwa ya rafiki yangu ambaye hakuwa mwanachama. Ilikuwa nyeupe, nikaipaka masizi ifanane na zangu.

"Cucu, hapa kwa listi uko na nne," akasema.

"Hii ni mtoto wa ile ya mbele."

"Mtoto ako na pembe ndefu kuliko mamake?"

"Amekula vizuri, mume wangu."

Akapitisha kidole mgongoni mwa ng'ombe, akakiinua kikiwa cheusi, watu wote wakaona. Walicheka mpaka josho likapata mawimbi. Nilimwambia ameniaibisha mbele ya kijiji. Akaniambia, "Dawa imepimwa, Cucu. Kila mtu akiingiza moja ya kuiba, dawa inaisha nguvu, na kupe watakula zote, hata zako." Nilirudi nyumbani na ng'ombe wa watu ametoka madoadoa kama kanga. Lakini mwaka huo hakuna ng'ombe aliyekufa kwa kupe hapa Kabazi.

Mnaoelewa josho, mtaelewa kazi yake. Baada ya diploma yake, aliyoipata Nakuru mjini mwaka wa 2001, alitengeneza kompyuta za watu hadi tarehe 3 Septemba 2007 alipoajiriwa na chuo. Tangu 2013 alikuwa ndiye mtunza leseni za programu. Programu ni kitu kisichoshikika, hakina uzito wala harufu, lakini kina mwenyewe, na mwenyewe ana wivu kuliko mke wa pili. Chuo kinachukua leseni moja ya chuo kizima, halafu kila idara inapewa ufunguo wake, yaani namba ndefu ya kufungulia, na idadi ya kompyuta iliyokubaliwa. Mfanyakazi naye anaruhusiwa kuweka programu kwa kompyuta moja ya nyumbani, bora akiacha kazi aitoe. Hilo ndilo josho. Mbugua ndiye alikuwa langoni.

Na langoni alikuwa na daftari. Daftari kubwa jeusi lenye mgongo mwekundu, lile la kaunta. Mkuu wa idara akichukua ufunguo, aliandika jina, idadi ya kompyuta na tarehe, akatia sahihi upande wa kushoto chini ya neno Kuchukua. Siku ya kuurudisha, alitia sahihi upande wa kulia chini ya neno Kurudisha. Wafanyakazi wenye programu nyumbani nao walikuwa na ukurasa wao, hata yeye mwenyewe. Vijana wa ofisi walimcheka. "Boss, hii yote iko kwa sistimu," wakamwambia. Yeye akawajibu kwamba sistimu ni mtu mwingine anaiandika, lakini sahihi ni mkono wako mwenyewe.

Tarehe 12 Desemba 2009 alimuoa Cheptanui, mwalimu, binti wa watu wa mbao kule Elburgon. Wakabarikiwa na watoto wawili, Natalie Nyakio na Kamande mdogo. Ndoa ilikuwa tamu, isipokuwa siku tatu za mwaka wa 2015. Cheptanui alitaka ile programu ya hesabu, apangie alama za wanafunzi wake.

"Leseni ni ya wafanyakazi wa chuo," Mbugua akamwambia.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wangu."

"Sawa. Basi chakula cha hapa nacho ni cha wafanyakazi wa shule yetu."

Akala ugali na chumvi siku tatu. Hakuiweka. Siku ya nne Cheptanui akapanga alama zake kwa kalamu ya risasi na akampikia kuku, akisema afadhali mwanamume anayekunyima mbele yako kuliko anayekupa cha watu.

Huyo ndiye mtu ambaye chuo kiliandika kwamba amegawa ufunguo kiholela.

Nitaeleza polepole, maana Daktari anapenda mambo yenye vipimo. Februari 2024 idara yake ilichukua ufunguo wa programu ya kuchora ramani, kompyuta thelathini. Tarehe 6 Mei wenye programu, ambao wanaishi ng'ambo lakini wanaona mpaka ndani ya sufuria yako, wakagundua ufunguo huo wa thelathini unafungua kompyuta mia mbili na kitu. Nyingi hazikuwa hata za chuo. Wakafunga programu kwa chuo kizima, idara zote, wenye haki na wasio na haki, wakati wanafunzi wanamalizia kazi zao za mwisho. Kupe wakala zote, kama alivyosema.

Akatafutwa mtu. Dkt. Kinyanjui akaketi mbele ya kamati, akasema yeye hajawahi kupokea ufunguo wowote, hajatia sahihi popote, na kama ulitoka basi ulitoka kwa mlinzi wa lango. Mbugua akasema daftari lipo. Wakamwambia alete. Akaenda kwa kabati la ofisi, daftari halikuwepo. Ofisi ilikuwa imepakwa rangi mwezi wa tatu na kila kitu kilihamishwa. Tarehe 20 Juni 2024 akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Wenzake wale wa kumwita boss wakaanza kupita kwa mlango wa nyuma.

Jioni hiyo, Cheptanui anasema, marehemu aliketi mbele ya kompyuta yake ya nyumbani akatoa ile programu moja ya chuo aliyoruhusiwa kama mfanyakazi, ingawa hakuna aliyemuuliza. Halafu akabaki ameshika kalamu, akitafuta pa kutia sahihi.

Sasa nasema langu. Nimesema uongo mwingi maishani, na kijiji hiki kinaujua. Nilisema niliwahi kukama nyati. Nilisema kile kidole changu kililiwa na mamba, na nyote mmekiona kinahesabu maharagwe. Lakini uongo mbaya kuliko wote niliusema kwa neno moja.

Kwa miaka yote Mbugua alikuwa akiniletea makaratasi ya ofisi yaliyotupwa, ya kuwashia moto na kutandikia kuku. Mwezi wa tatu mwaka huo, ofisi ikipakwa rangi, aliniletea maboksi matatu, na daftari likajificha ndani. Mimi kusoma sijui. Niliona jalada gumu, nikasema hili lisichomwe, kabati langu linayumba. Nikararua kurasa mbili za nyuma nikawasha moto, daftari lenyewe nikaliweka chini ya mguu wa kabati. Kabati likasimama kama askari.

Tarehe 18 Mei akaja. Akapekua ghala, akapekua hadi kwa kuku.

"Cucu, hujaona daftari jeusi?"

"La nini?"

"La kazi tu."

Hakuniambia kuna shida. Alinificha, ili nisipande presha, kumbe ni yeye. Nikakumbuka zile kurasa mbili, nikakumbuka kidole chenye masizi, nikaogopa kuchekwa tena. Nilikuwa nimeegemea kabati. Nikamwambia, "Sijaona."

Akanywa chai, akanishukuru, akaenda. Hata aliposimamishwa kazi aliniambia yuko likizo.

Presha ilianza Julai 2024. Tarehe 21 Januari 2025 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, ule wa kuandika. Alilazwa hospitalini Nakuru, akahudumiwa vizuri, na tunawashukuru wauguzi. Nilipomtembelea nilimwambia wenzake kazini wanamsubiri, chuo hakiendi bila yeye. Akatabasamu kwa upande mmoja. Aliaga dunia Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, miezi kumi na wiki tatu. Barua ile haijafutwa mpaka leo.

Mimi nilijua Jumatatu wiki hii. Wenzake walikuja hapa kwa matanga, wakala, wakashiba, na mmoja akanong'ona karibu na jiko, "Alikuwa mtu mzuri, ila tu ile maneno ya ufunguo." Nikamuuliza Cheptanui ni maneno gani. Akanieleza yote, na alipofika kwenye daftari alilia. Mimi sikulia. Niliinuka, nikaita vijana, nikawaambia, "Inueni hiyo kabati."

Natalie alilisoma daftari mbele ya babu zake, shangazi zake na chifu mdogo. Tarehe 12 Februari 2024, idara ya upimaji wa ardhi, kompyuta thelathini, na chini ya neno Kuchukua kuna sahihi. Sijui kusoma, lakini sahihi hiyo nimeijua, ina mkia mrefu kama wa jogoo anayekimbia. Ni ile ile aliyoiweka Dkt. Kinyanjui Jumatatu hiyo hiyo kwenye kitabu chetu cha rambirambi, akiandika, kama alivyonisomea Natalie, kwamba tumepoteza mtu mwaminifu. Kurasa nilizochoma zilikuwa tupu. Maandishi yaliishia mbali kabla yake, na kurasa nyeupe zilizobaki Natalie amezihesabu mara mbili.

Mtasema huyu mzee ni mwongo, ni nani atamwamini. Ndiyo maana sisemi kitu. Daftari liko pale, juu ya meza, kando ya jeneza, limefunguliwa ukurasa huo, na kitabu cha rambirambi kiko ubavuni mwake. Wenye macho wapite waangalie. Chifu mdogo ameshapiga picha, na wazee wameketi karibu nalo, kwa hivyo asije mtu akalimwagia chai.

Mchungaji aliomba nipunguze ukali, kwa sababu marehemu hasemewi mabaya. Nimemtii. Juu ya marehemu sijasema baya hata moja.

Kulingana na ratiba, baada ya familia na wakwe, watu wa chuo wataitwa kuweka shada la maua. Hawataliweka kwanza. Mbugua hakuacha mtu apite langoni bila kuandikwa, hata mimi na ng'ombe wangu. Dkt. Kinyanjui atakuja mezani kwanza, mbele ya wote, atie sahihi upande wa kulia, chini ya neno Kurudisha, aandike na ile idadi ya kweli. Halafu aliyetumwa na chuo aandike chini yake kwamba barua ya tarehe 20 Juni haina kazi tena. Kalamu ipo. Tukimaliza, waweke maua yao na wapewe chakula kama watu wengine. Wakikataa, shada warudi nalo, waliweke kwa ile sistimu.

Jana Cheptanui alifungua ukurasa wa wafanyakazi, akatafuta mstari wa mumewe, programu moja, kompyuta moja ya nyumbani, akatia sahihi kwa niaba yake upande wa kulia. Mbugua amerudisha. Mstari wake umejaa pande zote mbili.

Marehemu ameacha mjane wake Cheptanui. Watoto wake Natalie Nyakio na Kamande mdogo. Baba yake mzee Kamande. Ndugu, wakwe wa Elburgon na majirani. Na mimi Wangeci, cucu yake na mke wake wa kwanza, ambaye kabati lake linayumba tena na litayumba hivyo hivyo mpaka nimfuate.

Yeye alale, amemaliza. Daktari, inuka, kalamu inakungoja.