Mwalimu Wendell na Ngozi ya Miaka Ishirini na Minne

Ijumaa hii, Novemba 28, 2025, Mwalimu Wendell Marceau anastaafu baada ya kufundisha uchoraji kwa miaka ishirini na minne katika Kituo chetu cha Sanaa Upeo, Tabata. Furaha yetu ni kubwa, maana hadi Jumatatu iliyopita tuliamini kwamba anaondoka na ngozi yetu ya picha.

Mwalimu ni wa jamii ya Blackfeet, wenyeji wa asili wa nyanda za Montana, Marekani. Alikuja Dar akimfuata mkewe, Bi Shamimu, mtoto wa Tabata. Mwaka ule ule alinunua ngozi ya ng'ombe machinjioni Vingunguti, akaipakia kwenye mkokoteni, na mtaa mzima ukaziba pua. Alipokwisha kuilainisha akaanza kuchora juu yake kama walivyochora babu zake: picha moja kwa kila mwaka, watu wa mistari michache, bila mbingu wala ardhi nyuma yao. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba hachori tendo lisilo na shahidi.

Sharti hilo nusura limponze. Mwaka wa mafuriko, mkuu wetu wa wakati ule, Bwana Elibariki, aliagiza achorwe akiokoa maboksi ya rangi. Mwalimu akauliza kikaoni nani alimwona. Flaviana, mfanya usafi wetu, akasema, "Bosi, siku ile ulikuwa Bunju. Maboksi tuliyabeba mie na Mwishehe mlinzi."

Mkataba wa Mwalimu ulikaa wiki tatu bila saini, naye hakubadili kitu. Mwishowe Bwana Elibariki alikuja mwenyewe, akicheka, akaomba basi achorwe akiwa Bunju. Mashahidi wa hilo walikuwa tele. Yupo pale pembeni mwa ngozi, mkavu, chini ya mwavuli.

Tangu hapo Flaviana aliingia darasani kila alasiri, na leo ndiye msaidizi wa Mwalimu. Lakini adabu zilitukwamisha. Sisi tuliona ni utovu wa heshima kumwomba mkubwa kazi yake angali ameishika, tukangoja amtaje mrithi. Kwa mila aliyolelewa nayo Mwalimu, haki ya kuchora lazima iombwe, tena mbele ya watu. Akangoja naye, miaka mitatu, hadi ngozi ikakunjwa kwa safari ya kurudi Montana. Sisi tulioondoka vijijini kwetu zamani tukaja Dar tunajua ni mangapi hupotea watu wakingojana kwa heshima.

Bi Shamimu ndiye aliyemnong'oneza Flaviana. Jumatatu, wakati wa chai, Flaviana alisimama mbele yetu sote. "Shikamoo Mwalimu. Naiomba ngozi."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Marahaba. Nilidhani hakuna anayeitaka."

Atamkabidhi Ijumaa saa nne asubuhi, uwanjani. Njooni mapema, mashahidi ni ninyi. Kuhusu picha ya mwaka huu tayari tunabishana: Venance wa stoo anashikilia iwe siku mbuzi alipoingia kwenye maonyesho.

Mwalimu, asante kwa kila mstari. Wewe na Bi Shamimu mkaishi Montana kwa afya na raha, na mkijaliwa mrudi, mje kutazama picha ambazo hukuzichora wewe.