Tundu Katikati ya Blanketi

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa hapa kitandani, mama yenu si mzito tena. Dirisha liacheni wazi, nataka kuziona nyuso zenu. Nisikilizeni ningali na pumzi, maana maneno ya mgonjwa hayarudiwi mara mbili.

Kwanza nijisifu mwenyewe, kwa sababu nikishakwenda mtanisifu ninyi na mtakosea. Katika nyumba hii hakuna mtoto aliyezaliwa akafunikwa kwa kitu cha dukani. Sweta, kofia, soksi, mashali ya wakwe zangu, vyote vimetoka kwenye vidole hivi mnavyoviona vimepinda. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nimesifiwa tangu usichana wangu, na uzi wangu haukulegea.

Binti yangu, kapu la nyuzi na sindano zote ni zako. Lakini mkono wako unakaza mno, sweta zako zinasimama zenyewe bila mtu ndani. Legeza uzi, na mumeo naye mlegezee kidogo. Nina deni moja tu duniani: jirani yetu fundi viatu nilimwahidi soksi, nikamaliza moja. Mfumie ya pili, asije akanikumbuka kwa mguu mmoja. Nyumba hii ni yenu watatu. Asiuze mmoja, wala asifukuzwe mmoja.

Sasa nitandazieni blanketi la vipande. Hapo mna shati la kazi la marehemu baba yenu, gauni nililoolewa nalo, na sare zenu za shule, kila mtoto na kipande chake, na mlilala chini yake nyote watatu mkigombania upande wa ukutani. Tundu la katikati mnalijua. Wewe mkubwa wangu hukusimama na mdogo wako siku ya harusi yake, ukasema mwanamke huyo si wa kuingia kwetu. Na wewe kitindamimba ukaja kesho yake na wembe, ukakata kipande chako mbele ya macho yangu, ukaondoka nacho, ukisema hutalala tena blanketi moja na huyu. Sikulia. Nilipiga pindo kuzunguka tundu lile lisichanike zaidi, na walioniambia usipoziba ufa utajenga ukuta niliwajibu kuwa tundu hili lina mwenyewe. Vitambaa vya kuzibia nilikuwa navyo tele. Miaka yote hii baridi inaniingia papo hapo kifuani, na bado nimeringa na blanketi langu, nikalianika uani kila mpita njia alione.

Jana, kitindamimba, ulipovua koti ukanifunika miguu, niliona ndani yake, upande wa moyo. Kitambaa cha bluu cha kaptula yako ya kwanza ya shule. Umekishona mwenyewe, mishono kama kuku amepita kwenye matope. Nami nilidhani ulikitupa jalalani! Mwanangu, sijaona kazi mbaya ikanifurahisha namna hiyo.

Basi wosia wangu ni huu. Blanketi hili halirithiwi na mmoja. Litatembea nyumba hadi nyumba na kumfunika kila mtoto atakayezaliwa, na kwanza litakwenda kwa mkwe wangu yule aliyekataliwa, kwa kuwa naona tumbo lake hata akijificha nyuma ya mlango. Lifuliwe kwa maji baridi. Lisifungiwe kabatini, kitu cha mkono wangu kichakae kwa kutumiwa.

Binti yangu, fumua koti taratibu, usikate kitambaa. Wewe mkubwa, tunga uzi. Lowesha ncha kwa mate, ipite sindanoni. Shika pindo, mdogo wako ashone. Msiombane radhi kwa hotuba, sina muda wa hotuba. Shoneni. Mishono midogo... midogo, baba. Hapo umeruka. Rudia.

Ndiyo. Hivyo.

Mungu awafunike nitakapokuwa sipo... awape watoto wa kugombania upande wa ukutani... Msiache kushona, nawasikia. Kaka ashike pindo...

Nani amefunga dirisha? Baridi haiingii tena.