Filemoni Mdoe, Mgawa Dawa Aliyekula Peke Yake

Marehemu Filemoni Mdoe alizaliwa Vugiri mwaka 1879, mtoto wa kwanza wa mama Raheli. Alisoma kwa wamisheni, akajifunza kuosha vidonda kabla hajajua vizuri kuandika. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, asiyeweza kula bila mwenzake.

Mwaka 1903 aliajiriwa katika zahanati ya shamba la mkonge karibu na Ngombezi. Daktari Mjerumani alipita kwa nadra. Kusaga, kupima na kugawa dawa kulikuwa kazi ya Filemoni. Mwaka uliofuata alimpa kibarua mmoja, Mhina wa Handeni, kwinini ya siku kadhaa. Watu walikuwa wengi, akamweleza kwa haraka. Mhina akaimeza yote kwa mara moja ili apone upesi, akafa.

Tangu hapo hakuna aliyetoka mlangoni bila kuulizwa, "Hebu niambie, utainywaje?" Aliyekosea alirudia mpaka apatie, hata akinuna. Jioni aliwafuata wagonjwa kambini kuona kama wamemeza. Wengi wetu tuliosimama hapa tu hai kwa sababu ya usumbufu wake.

Lakini tangu kifo cha Mhina watu walisema: mkono ule una sumu. Dawa yake waliipokea, chakula chake hapana. Jirani yake Chausiku alimwambia wazi, "Mzee Mdoe, dawa yako nitainywa. Uji wako, unisamehe." Marehemu alicheka. Iliuma, jamani, iliuma sana.

Mwaka 1905 alimwoa Yuditha wa Chanika, Handeni. Hata wakwe walipokuja kuwatembelea walibeba maji yao. Yuditha alifariki mwaka 1908 pamoja na kichanga chao. Baada ya hapo marehemu aliendelea kupika sufuria ya watu wengi, akafungua mlango wakati wa chakula, akangoja. Ugali ukipoa alikula mwenyewe.

Januari mwaka huu wa 1912 alishikwa na homa. Dawa alijipimia mwenyewe. Chausiku alimletea mboga, naye akamwomba, "Kaa ule nami, mama." Akajibu, "Nimeshiba, mzee." Hakuwa ameshiba, ametuambia mwenyewe, akilia. Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi.

Ameacha dada yake Paulina na mpwa wake Lukasi, anayewasomea haya. Mtoto hakuacha.

Ndugu na majirani, chakula cha msiba kimepikwa kwake, kwa mahindi yake, ndani ya sufuria zake. Tumeona baadhi yenu mmekuja na vibuyu vya maji kutoka nyumbani. Hatuwalaumu. Tunawaomba tu mviweke chini.

Mungu ampe Filemoni pumziko la amani. Na sisi, jamani, twendeni kwake tukale.