Tulivyomnyamazia Sikio

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutengeneza malori ya dizeli katika karakana hii, fundi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Sikio, anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, walivyosema, nina mdomo. Nimekubali. Ila niseme mapema kwamba jambo kubwa katika wasifu huu ni lile lililotuacha midomo wazi, na wangu haujafungika sawasawa mpaka leo. Mwenyewe ameruhusu liandikwe.

Alianza hapa akiwa muosha vipuri, kijana mwembamba mwenye mikono iliyonuka dizeli hata siku za mapumziko. Akapanda kuwa msaidizi wa fundi, akawa fundi wa injini, mwisho akakabidhiwa karakana nzima. Jina la Sikio alilipata mapema. Lori lilikuwa likiingia getini, kabla dereva hajazima, yeye keshasema pampu ya maji hiyo, au beringi hiyo, na mara nyingi ikawa kweli. Hakuwa mtu wa kujishusha. Jina lilimpendeza mno, hata mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alilidarizi kwa uzi mwekundu mgongoni mwa ovaroli yake, herufi kubwa, lisomeke toka mbali.

Kutokana na jina hilo karakana ikapata sheria ambayo haikuandikwa popote, sheria ya kunyamaza. Sikio akisogelea injini inayougua na kuinua kidole juu, kazi zote husimama. Fundi wetu wa umeme, tunayemwita Waya, hukimbilia kuzima kompresa. Redio hufungwa, nyundo huwekwa chini, na mimi huacha kuburuta maboksi yangu ya filta. Hapo Sikio huweka kiganja kwenye injini inayounguruma, au huigusisha ncha ya bisibisi na kuuegemeza mpini kwenye taya lake, akafumba macho. Kisha anautaja ugonjwa. Wageni walikuwa wakishangaa sana. Mtu akikohoa wakati huo, tulimtazama mpaka akajuta kuja.

Alikuwa na vituko vyake vingine, tukavichukulia kuwa ni tabia za ukubwa wa cheo. Dereva akieleza tatizo la gari huku akiangalia pembeni, Sikio alimshika bega na kumgeuza: "Niangalie usoni, kaka, na useme taratibu." Hakubeba simu, akidai grisi inaziharibu, kwa hiyo mkewe alipiga ya stoo na mimi nikawa tarishi wao wa ndoa. Madereva waliomsengenya akiwa amewapa mgongo, walimsifu baadaye kuwa ana moyo wa uvumilivu. Na ole wako uwashe bunduki ya kufungulia nati bila vikinga masikio. Aliwahi kumtoa fundi mmoja nje ya geti kwa kosa hilo, tukasema mzee kazidi.

Sasa nije kwenye zile mashine za kupimia. Malori mapya yalianza kuja na kompyuta zao, taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, nasi tukabaki tunaiangalia kama watu waliopewa barua kwa lugha wasiyoijua. Baadhi tulilazimika kuyapeleka karakana nyingine, na hilo lilituuma. Bosi akaamua tununue mashine ya kusoma hitilafu, akateua watu wanne wa kuichagua: yeye mwenyewe, Sikio, Waya na mimi. Sote tulijua Sikio atapinga. Waya alikuja kikaoni amejiandaa kwa hoja tangu wiki iliyotangulia. Sikio akafungua kikao kwa kusema anaitaka mashine hiyo haraka, tumeshachelewa. Waya alikaa na hoja zake kifuani, hana pa kuzipeleka. Huo ulikuwa mshtuko wa kwanza, na kwa kweli ulikuwa mdogo.

Wauzaji watatu walikuja siku moja, asubuhi. Sikio alikuwa amewaandalia boza la maji lililokuwa linakosa nguvu kwenye vilima, na kabla hawajafika alituita pembeni, akaweka kiganja, akatuambia ugonjwa ni nozeli ya kupulizia dizeli kwenye silinda ya tatu. Tukaweka siri. Mashine ya kwanza ilikuwa ndogo ya kushika mkononi. Ilisoma namba ya hitilafu, ikaifuta, taa ikazimika, na boza likabaki na udhaifu wake uleule. Ya pili ilikuwa nzuri kweli, ila iliyajua malori ya kampuni moja tu, wakati sisi tunapokea kila kinachotumia dizeli. Bosi aliipenda hata hivyo, kwa sababu ilikuwa na mlio tofauti kwa kila hitilafu, fundi anaweza kuendelea na kazi chini ya gari bila kutazama kioo. Sikio aliikataa papo hapo. "Ya kulialia siitaki," alisema, na hakutoa sababu. Bosi alinuna.

Mashine ya tatu ilikuwa na kioo kipana. Ilisoma injini, giaboksi na breki za malori ya aina nyingi, iliweza kuzima nozeli moja moja huku injini inazunguka, na ilichora presha ya mafuta kwa mstari unaokwenda mbele ya macho yako. Muuzaji alizima nozeli ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Zote zilikuwa nzima, na ile ya tatu pia. Dereva wa boza alipokanyaga mafuta, mstari ukaporomoka. Tatizo lilikuwa pampu ya presha, nozeli hazikuwa na kosa. Sikio alikuwa amekosea mbele yetu sote, na kwa jinsi anavyojisikia, tulijiandaa kwa ugomvi. Badala yake aliomba dereva akanyage tena, na tena. Kiganja kimoja kwenye injini, kidole cha mkono mwingine kinafuata mstari kwenye kioo, uso umechangamka kama mtu aliyeletewa picha ya ndugu aliyemsikia tu kwa habari.

Kompresa ilikuwa imezimwa, kama sheria ilivyotaka. Redio kimya, nyundo kimya, boza peke yake ndilo lililokuwa likinguruma. Wakati huo tipa iliyotoka kuoshwa ilikuwa inarudi kinyumenyume kuelekea pale aliposimama, king'ora chake cha rivasi kinalia kiasi cha kusikika mpaka getini. Dereva wake hakumwona, boza lilimficha. Tulidhani atasogea. Kisha tukaanza kuita, kwanza bosi, kisha mimi, kisha kila mwenye sauti. Yeye alikuwa anautabasamia mstari. Waya ndiye aliyeruka, akamshika ovaroli pale penye jina na kumvuta kwa nguvu zote. Tipa ikaligonga bampa la boza mahali miguu yake ilipokuwa.

Alimgeukia Waya kwa hasira, mkono umeinuliwa, akidhani ni utani wa kijinga. Ndipo akaiona tipa. Ndipo akatuona na sisi, tulivyokuwa tumesimama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mliniita?"

Waya akajibu kwa kichwa. Sikio akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, akakaa juu ya tairi. "Basi mjue," alisema. "Sisikii. Ni miaka sasa."

Sijui niandikeje jinsi tulivyokuwa. Miaka yote hiyo tumezima kompresa, tumefunga redio, tumewanyamazisha wateja, tukimnyamazia mtu asiyesikia. Muuzaji wa mashine ya tatu aliuliza kama aende zake.

Alitueleza yote pale juu ya tairi. Masikio yaliondoka kidogo kidogo, yakimalizwa na bunduki za nati na injini zilizofunguliwa, enzi ambazo kuvaa vikinga kulionekana kuwa ni uoga. Milio myembamba ilitangulia, sauti za watu zikafuata. Akajifunza kusoma midomo na kusikiliza kwa kiganja na taya. Nikamuuliza, maana nisingelala bila kujua, ukimya wetu ulikuwa wa nini. Akanitazama mdomoni, akacheka. "Kompresa, dada. Inatikisa sakafu. Ikiwaka nachanganyikiwa." Kumbe tulikuwa tunamsaidia kweli, ila hatukujua tunamsaidia nini.

Alificha miaka yote hiyo, na zaidi sasa alipobakiza mitatu kustaafu, kwa sababu aliamini tukijua tu atarudishwa nyumbani, na jina lake kufanywa kichekesho katika kila karakana ya mji huu. Lakini hofu hiyo, alisema, ilikuwa imezidiwa na nyingine. Injini za siku hizi zimetengenezwa laini, hazitetemeki vya kutosha, na mkono ulikuwa umeanza kumdanganya. Alikuwa akikosa usingizi akiwaza dereva atakayemruhusu aondoke na gari bovu, likamfia kwenye mteremko. Ndiyo maana aliitaka mashine, na ndiyo maana aliitaka ya kusomeka kwa macho.

Bosi aliingia ofisini akafunga mlango. Tulijua anachoamua huko ndani, na Sikio alijua zaidi, kwa maana alivua ovaroli akaikunja vizuri magotini, jina likiwa juu. Simu ya stoo ikaita, mkewe kama kawaida, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamwambia kila kitu. "Kasema mwenyewe?" aliuliza. "Afadhali. Nilikuwa nimechoka kuwa masikio ya watu wawili."

Bosi alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alisimama mbele ya Sikio, akahakikisha anatazamwa mdomo, akamwambia avae nguo ya kazi. Alikuwa amekasirika, ila si kwa ajili ya masikio. Alikasirika kwamba angeweza kumzika mtu kwa sababu ya siri. Aliagiza taa nyekundu za kuwaka na kuzima kila sehemu ya kazi, njia ya waenda kwa miguu ipakwe rangi ya njano, na kwamba hakuna gari litakalorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Mashine ya tatu ikanunuliwa, akakabidhiwa Sikio. Kisha akatupeleka sote kupimwa masikio, na hapo tukashtuka upya, kwa kuwa Waya, aliyekuwa hodari wa kuvua vikinga akiona hatazamwi, aliambiwa ya kwake yameanza kuondoka. Tangu siku hiyo anavivaa hata wakati wa chai.

Miaka hii mitatu ya mwisho Sikio amefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi katika thelathini. Kila fundi hapa amesimama naye mbele ya kile kioo, kiganja kwenye injini, macho kwenye mstari, akifundishwa mtetemeko upi ni wa mstari upi. Malori hatuyapeleki tena kwingine. Anabishana na mashine kila siku, na ikimshinda anaipiga kofi la mapenzi. Tulimuuliza kama tumbadilishie jina. Akasema uzi mwekundu wa mke wake haufumuki, tutafute kazi nyingine ya kufanya.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa magari uliyoyaponya, kwa madereva waliofika makwao, na kwa masikio yetu, ambayo uliyapigania kuliko ya kwako. Nenda salama, uishi vizuri na huyo dada wa cherehani, ambaye sasa anastahili kupumzika kidogo.

Mwisho, utaratibu wa Ijumaa. Bosi akimaliza kuzungumza, msipige makofi. Waya atazima kompresa na tutanyamaza, safari hii tukijua kwa nini. Sikio atakaa mwanzo wa ile meza ndefu ya chuma, nasi tutajipanga pande zote, kisha tutaipiga kwa viganja, wote pamoja, mpaka tuchoke. Wewe weka chako mezani, mzee, na ufumbe macho kama ulivyozoea. Hao utakaowasikia kiganjani ni sisi.